Spika Iliyonyamazishwa na Tundu

Laptopu inapokosa sauti ya spika huku hedifoni zikiendelea kusikika vizuri, mara nyingi ubovu hauko kwenye spika. Uko kwenye tundu la milimita 3.5 lililo ubavuni mwa mashine, pale pini ya hedifoni inapochomekwa. Tundu hilo hufanya kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: kupitisha sauti kwenda masikioni. Ya pili haionekani, nayo ni kuijulisha mashine kwamba pini imeingia au imetoka, ili spika zinyamaze au zirudi kusema. Kazi hii ya pili ikiharibika, spika zisizo na kasoro yoyote hukaa kimya miezi na miaka, kwa kuwa mashine inaamini kuna mtu amevaa hedifoni.

Kimya cha namna hii kina gharama yake. Watu hubadilishiwa spika ambazo hazikuwa na ugonjwa, hufutiwa Windows na kuwekewa nyingine, au huambiwa bodi imekufa na kushauriwa watafute mashine mpya. Laptopu nyingi zinazouzwa Dar es Salaam na Mombasa zimekwisha kutumika ng'ambo, katika ofisi na vyuo, na tundu la hedifoni ni miongoni mwa sehemu zinazochoka mapema kwa kuwa huchomekwa na kuchomolewa kila siku ya kazi. Anayeinunua huikuta na historia asiyoijua. Siku spika zinaponyamaza, hana wa kumuuliza kama tundu lilikuwa limeanza kulegea.

Kwa mtu asiyeona, hasara ni kubwa zaidi. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, humsomea mtumiaji kila herufi, kila menyu na kila onyo linalotokea. Sauti ikikatika, mara nyingi hakuna njia nyingine ya kujua mashine inafanya nini, wala hata ya kuifikia mipangilio ya sauti ili kuirekebisha. Mwenye macho husumbuliwa na laptopu isiyocheza muziki. Asiyeona hubaki na sanduku lisilo na mlango. Yeye ndiye anayestahili kuambiwa mapema kuliko wote kwamba hedifoni za kawaida zikichomekwa huenda zikamrudishia sauti palepale, kwa sababu njia ya hedifoni kwa kawaida inabaki nzima hata pale tundu linaposema uongo.

Pini yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwishoni mwa karne ya 19 waendeshaji wa vituo vya simu waliwaunganisha wateja kwa kuchomeka pini nene kwenye mbao zilizojaa matundu, na pini ya ukubwa ule, milimita 6.35, ingali inatumika kwenye magitaa ya umeme na vikuza sauti vya makanisani na kumbi za dansi. Ile ndogo ya milimita 3.5 ilienea pamoja na redio za transista, kuanzia miaka ya 1950. Mwaka 1979 Sony walipotoa Walkman ya kwanza, TPS-L2, waliiwekea matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili wasikilize pamoja, na hawakuiwekea spika. Mashine ile haikuwa na la kuamua: sauti ilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda. Shida huanza pale kifaa kimoja kinapokuwa na spika na tundu, kikalazimika kuchagua.

Kwenye redio kaseti za miaka hiyo uchaguzi ulifanywa na chuma. Ndani ya tundu mlikuwa na vibati vyembamba vya springi. Pini isipokuwemo, kibati kimoja kililalia kingine, na umeme wa sauti ukapita hapo kwenda kwenye spika. Pini ilipoingia, ilikisukuma kibati pembeni, vikaachana, na njia ya spika ikakatika. Hapakuwa na chipu wala programu katika jambo hilo. Waliokua na redio hizo wanaikumbuka dawa yake: spika ikianza kukwaruza au kukatakata, mtu alichukua pini ya hedifoni, akaiingiza, akaizungusha kidogo, akaichomoa, na taarifa ya habari ikaendelea. Dawa ile ilikuwa na maana ya kweli ya kiufundi. Pini ilikuwa ikisugua utando wa kutu na uchafu uliojijenga mahali vibati vinapogusana.

Kwenye laptopu ya leo, sauti ya spika haipiti tena tunduni. Kuna chipu maalumu ya sauti, mara nyingi ya Realtek, inayofuata utaratibu uitwao High Definition Audio, ambao Intel waliutoa mwaka 2004 kuchukua nafasi ya ule wa AC'97. Chipu hiyo hugeuza namba kuwa umeme wa sauti, ikaupeleka kwenye spika kwa njia moja na kwenye hedifoni kwa njia nyingine. Kilichobaki tunduni ni swichi ndogo ya kutoa habari tu. Katika mpangilio wa kawaida, waya mmoja wa kupimia unaweza kuhudumia matundu hadi manne, na kila tundu hupewa rezista yake yenye ukinzani tofauti: ohm 39,200, 20,000, 10,000 au 5,100. Pini ikiingia, swichi huiunga rezista ya tundu hilo kwenye waya, volteji inabadilika kwa kiasi kinachojulikana, na chipu inatambua ni tundu gani limepata mgeni. Habari hiyo hupelekwa kwa draiva, yaani programu inayoiongoza chipu, na draiva ndiyo inayozima spika.

Hapa pana jambo la kutafakari. Uamuzi mzima wa kuzinyamazisha spika unasimama juu ya ushahidi wa swichi moja yenye mguso mdogo kuliko punje ya mchele, na hakuna shahidi wa pili anayeitwa. Laptopu nyingi zina maikrofoni inayoweza kusikia kama spika zinalia au la, lakini haijapewa kazi hiyo. Chipu nyingine zina uwezo wa kupima kama kuna hedifoni yenye ukinzani wa kawaida, ambao mara nyingi huwa kati ya ohm 16 na 32, ila uwezo huo hutumiwa zaidi kutofautisha kilichochomekwa kuliko kuuhoji ukweli wa swichi yenyewe. Swichi ikisema pini imo, basi imo. Wabunifu walikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa swichi ni rahisi, ni ya bei ndogo, na hufanya kazi sawasawa mara elfu nyingi. Lakini walipoipa neno la mwisho, waliacha pengo ambalo ni binadamu tu anayeweza kuliziba: kumhoji shahidi yule.

Ili kumhoji vizuri, lazima kujua anavyodanganya, na swichi za matundu haya ni za aina mbili. Aina ya kwanza hukaa wazi pini isipokuwemo, na hufunga pini inapoingia. Aina ya pili hukaa imefungwa, na huachana pini inapoingia, kama vile vibati vya redio. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini inageuza kabisa maana ya uchafu. Kwenye aina ya kwanza, kinachodanganya ni kitu kinachopitisha umeme: tone la chai, unyevu wenye chumvi, kijipande cha chuma cha pini iliyovunjika, au kibati kilichopinda kikagusa mwenzake. Mashine inaona mzunguko umefunga na kusema pini imo. Kwenye aina ya pili, kinachodanganya ni kitu kinachozuia umeme: nyuzi za pamba kutoka mfukoni au kwenye begi, vumbi lililoshindiliwa na pini siku baada ya siku, kutu, au springi iliyochoka ikashindwa kurudi mahali pake. Mashine inaona vibati havigusani na kufikia hitimisho lilelile.

Ndiyo maana mazingira yana neno katika ugonjwa huu. Mtu anayefanya kazi Zanzibar, Lamu au Tanga, dirisha likiwa wazi upande wa bahari, anaishi na hewa yenye chumvi inayokula mguso wa shaba na kuacha utando wa kijani. Mtu wa Dodoma anaishi na vumbi jekundu laini linaloingia kila mahali. Laptopu mbili za aina moja, zilizonunuliwa duka moja, zinaweza kunyamaza kwa sababu zinazopingana. Fundi anayeuliza mashine imetoka wapi na ilikuwa inawekwa wapi ameshaanza kuitibu kabla hajashika bisibisi.

Baadhi ya laptopu za Apple za zamani zina kisa chao, nacho kinaeleza tatizo zima kwa uwazi kuliko kingine chochote. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2015 hivi, tundu la hedifoni la MacBook Pro lilikuwa pia mlango wa sauti ya kidijitali inayosafiri kwa mwanga. Ndani mlikuwa na taa ndogo nyekundu, na swichi ya pili iliyotambua kama pini iliyoingia ni ya kawaida au ya waya wa mwanga. Swichi hiyo ikikwama, mashine iliamini imeunganishwa na kifaa cha mwanga. Spika zilinyamaza, kitufe cha sauti kikawa hakisikii, na katika mipangilio ya sauti mahali palipokuwa pameandikwa "Internal Speakers" pakawa pameandikwa "Digital Out". Ukizima taa ya chumba, ukatazama tunduni, uliona nuru nyekundu. Wengi waliiponya kwa kijiti cha meno cha mbao kilichoingizwa taratibu na kusukumwa kidogo pembeni mpaka swichi ikaachia. Watu walishangaa kwamba mashine ya bei kubwa vile inaponywa na kijiti. Hakuna cha kushangaza. Kilichokuwa kibovu ni kitu kidogo kama kijiti.

Kuna udanganyifu mwingine unaofanana na huu lakini si wenyewe, na haufai kuchanganywa nao. Pini za zamani za hedifoni zina sehemu tatu: ncha ya sikio la kushoto, pete ya sikio la kulia, na shina ambalo ni njia ya kurudia. Zile zenye maikrofoni zina sehemu nne, na watengenezaji hawakukubaliana mapema zipangwe vipi. Mpangilio uitwao CTIA huweka maikrofoni kwenye shina na njia ya kurudia kwenye pete ya pili, na ule wa OMTP hufanya kinyume. Hedifoni ya mpangilio mmoja ikichomekwa kwenye tundu la mpangilio mwingine, sauti hutoka nyembamba na ya mbali, maneno ya mwimbaji yakimezwa huku ala zikisikika. Hapo tundu ni zima, na dawa ni kubadili hedifoni.

Uchunguzi wenyewe huanza bila kugusa chochote. Sauti imezimwa kwa kitufe? Laptopu iliunganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI, ikabaki inapeleka sauti huko? Kuna spika ya Bluetooth chumba cha pili inayopokea muziki kimyakimya? Maswali haya yanaonekana ya kitoto, lakini yanamaliza kesi nyingi. Yakishapita, hedifoni huchomekwa. Zikisikika, chipu ya sauti na draiva vinafanya kazi, na macho yanageukia tundu na spika. Kisha hedifoni huchomolewa huku mtu akitazama alama ya sauti kwenye skrini. Kama mashine inaendelea kuonyesha hedifoni baada ya pini kutoka, shahidi ameshikwa akidanganya. Kwenye Linux ushahidi ni wa wazi zaidi, kwa sababu mfumo huweka rekodi iitwayo "Headphone Jack" yenye hali ya "on" au "off". Ikisoma "on" tunduni mkiwa mtupu, hakuna haja ya kuendelea kuishuku spika.

Hatua inayofuata ni ile ya wazee wa redio: pini huingizwa na kuchomolewa mara kadhaa, ikizungushwa taratibu kila inapofika mwisho. Spika zikilia hata kwa sekunde moja wakati pini inatikiswa, ugonjwa umejulikana, hata kama haujapona. Kisha ndani humulikwa kwa tochi ya simu. Mara nyingi kinachoonekana ni donge la kijivu la nyuzi na vumbi lililobanwa mwisho kabisa wa tundu, gumu kidogo, lenye umbo la ncha ya pini iliyokuwa ikilishindilia. Donge hilo halitoki kwa kupuliziwa na mdomo, na pumzi ya mtu huongeza unyevu. Hewa kutoka kwenye kopo la kusafishia kompyuta, ikipulizwa kwa mkato mfupi mfupi, hulifungua polepole, na kijiti cha mbao kilichochongwa hulichokoa vipande vipande.

Kabla ya kuingiza chochote, laptopu izimwe, chaja ichomolewe, na betri itolewe kama inatoka. Sindano, pini ya nguo na kibanio cha karatasi visitumike. Chuma hupinda vibati, hugusanisha sehemu zisizotakiwa kugusana, na kuligeuza tatizo la kusafisha kuwa tatizo la kubadilisha tundu zima. Spiriti inayofaa ni ile yenye asilimia 90 au zaidi ya alkoholi ya isopropili. Ile ya asilimia 70 inayouzwa kwa ajili ya vidonda ina sehemu kubwa ya maji, nayo huchelewa kukauka. Pamba ya masikio ni nene mno kwa tundu la milimita 3.5, kwa hiyo hutumika kiburashi chembamba cha kusafishia katikati ya meno, au pini yenyewe ya hedifoni ikiwa imelowanishwa kidogo. Matone machache yanatosha. Baada ya hapo mashine iachwe ikauke kabisa, na subira hii ndiyo inayowashinda wengi. Mafuta ya kupikia, mafuta ya nazi na vilainishi vya bawaba havina kazi humo, kwa kuwa hukusanya vumbi na kurudisha ugonjwa ukiwa mbaya zaidi.

Pini iliyovunjikia ndani ni kesi ya peke yake. Kuna kibati cha springi kinachokaa kwenye kishingo kilicho nyuma ya ncha ya pini, nacho ndicho kinachoifanya hedifoni isitoke ovyo. Ncha ikivunjika, kibati hichohicho huendelea kuishikilia, na mashine inaendelea kuona pini kwa haki kabisa, maana imo kweli. Watu hujaribu mrija mtupu wa kalamu wenye gundi kidogo mwishoni. Njia hiyo hufaulu gundi ikiwa kidogo sana na mkono ukiwa mtulivu. Gundi ikimwagikia vibati, tundu limekwisha. Ni salama zaidi kufungua mashine, kwa sababu baadhi ya matundu yako wazi kwa nyuma na kipande kinaweza kusukumwa kutoka huko.

Usafishaji ukishindwa, au mashine ikiwa inahitajika leo hii kwa darasa au mahojiano ya kazi, mtu anaweza kuiambia programu isimwamini shahidi. Hapa Linux ina heshima yake. Katika alsamixer kuna kipengele kiitwacho "Auto-Mute Mode". Kikiwekwa "Disabled", draiva huacha kuzima spika hata tundu likisema pini imo. Mara nyingine tabaka la juu la sauti, yaani PulseAudio au PipeWire, nalo huwa limeshachagua hedifoni, na lazima mtumiaji achague spika kwa mkono. Kwa ugonjwa wa kudumu ipo programu ndogo, hdajackretask, inayoweza kuliandika tundu kuwa halijaunganishwa na chochote, na mashine ikiwashwa upya huacha kulisikiliza. Kwenye Windows mambo hutegemea draiva. Baadhi ya matoleo ya Realtek yana mpangilio wa kutenganisha spika na hedifoni ziwe vifaa viwili, mengine hayana. Mara nyingine kuiondoa draiva ya Realtek na kuacha ile ya jumla ya Microsoft, iitwayo "High Definition Audio Device", hutosha kuzirudisha spika kwenye orodha. Njia hizi hazimponyi mgonjwa, na fundi mwaminifu hulisema hilo wazi. Lakini mwanafunzi anayetakiwa kusikiliza mhadhara jioni ile hana haja ya tiba kamili. Anahitaji sauti.

Kwa asiyeona, njia ya programu ina thamani ya pekee, kwa kuwa mipangilio ikishabadilishwa na kuhifadhiwa hubaki hata mashine ikizimwa na kuwashwa. Kifaa kidogo cha sauti cha kuchomeka kwenye USB nacho ni akiba nzuri kukaa nayo begini. Chenyewe ni kadi kamili ya sauti, chenye chipu yake na tundu lake, na hakijali hata kidogo kinachosemwa na tundu bovu la laptopu.

Ikifika kufungua mashine, kazi inategemea tundu limekaa wapi. Kwenye laptopu nyingi limo kwenye bodi ndogo ya pembeni, pamoja na matundu ya USB, ikiunganishwa na bodi kuu kwa waya bapa. Hiyo ni bahati, maana bodi hiyo ndogo hubadilishwa nzima nzima bila kuchoma kitu. Pia huruhusu jaribio zuri. Swichi ikiwa ni ya aina inayokaa wazi, waya bapa ukichomolewa mashine ikiwa imezimwa, kisha ikawashwa, spika hulia, na ubovu unajulikana kuwa uko upande wa bodi ndogo. Ikiwa ni ya aina inayokaa imefungwa, spika zitaendelea kunyamaza, na jaribio halithibitishi lolote. Hapo ndipo multimita inapofaa: miguu miwili ya swichi hupimwa tunduni mkiwa hamna pini, kisha pini ikiwemo. Usomaji usipobadilika kati ya hali hizo mbili, swichi imekufa.

Tundu likiwa limechomwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, kazi ni ya mwenye mkono na vifaa. Tangu mwaka 2006, Umoja wa Ulaya ulipozuia madini ya risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, bodi nyingi huchomwa kwa lehemu isiyo na risasi inayoyeyuka karibu nyuzi 217 za Selsiasi, ilhali ile ya zamani yenye risasi iliyeyuka kwenye nyuzi 183. Tofauti hiyo ya joto inatosha kuiharibu plastiki ya tundu jipya au kung'oa njia za shaba, fundi akiwa na haraka. Mafundi wazuri wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Luthuli Avenue, Nairobi, hufunika sehemu za jirani kwa utepe unaostahimili joto, huongeza lehemu yenye risasi kwenye miguu ili kushusha joto la kuyeyuka, kisha hulinyanyua tundu kwa blowa bila kulivuta kwa nguvu. Ni kazi inayopendeza kuitazama. Haihitaji maneno mengi, na haipatikani kwa anayebahatisha.

Wakati mwingine tundu la aina ileile halipatikani, kwa kuwa miguu hutofautiana kutoka kampuni hadi kampuni na hata kutoka modeli hadi modeli. Fundi anaweza kuliondoa kabisa, na kama swichi ilikuwa ya aina inayokaa imefungwa, akaunganisha miguu yake kwa kipande cha waya ili mashine iamini daima kwamba hamna pini. Mwenye mashine anapata spika na kupoteza hedifoni za waya. Ni uamuzi halali, mradi ni yeye aliyeufanya baada ya kuelezwa. Kuufanya kimya kimya na kumrudishia mteja mashine yenye tundu la maonyesho ni kumdhulumu, kwa sababu siku atakapohitaji hedifoni hatajua kwa nini hazisikiki, na atarudi kulipia tatizo alilouziwa.

Spika zenyewe nazo hufa, na haki inataka hilo lisemwe. Waya wake huweza kukatika, koili kuungua, ngozi yake kupasuka. Spika ya laptopu kwa kawaida ina ukinzani wa ohm 4 au 8, na multimita ikigusishwa kwenye waya wake husoma karibu na hapo ikiwa koili ni nzima. Mashine ikionyesha kwa usahihi kwamba hedifoni hazimo, na bado spika hazilii, basi ni wakati wa kuzishuku. Lakini kipimo hicho huchukua dakika chache, na hakuna sababu ya kuuza spika mpya kabla ya kukifanya.

Anayeipeleka laptopu kwa fundi kwa sababu spika hazisikiki anaweza kujisaidia kwa mambo matatu: ajue kabla ya kuondoka nyumbani kama hedifoni zinasikika, atazame kama skrini inaendelea kuonyesha hedifoni baada ya kuzichomoa, na amwambie fundi yote mawili kabla mashine haijafunguliwa. Fundi akijibu kwa kutaja bei ya spika bila kumulika tundu, mashine irudishwe begini na itafutwe meza nyingine.